Kisiki Kinachoitwa cha Abelino

Wajukuu wa Abelino Cheuquemán wamepigilia kibao kwenye kile kisiki cha mteremkoni. Kibao cheupe, maandishi ya buluu, kinasema kwamba hapo ndipo Abelino alipobuni namna ya kuteremsha nyumba bila kuivunja. Nimekisoma mara mbili. Kusoma kwangu ni kwa shida, shule niliiacha darasa la pili nikachunge kondoo, kwa hiyo nilifuata herufi kwa kidole mpaka mwisho, nikarudi mwanzo nikazifuata tena, nisije nikamsingizia mtu. Ni kweli ndivyo kilivyoandikwa. Na ni uongo.

Mimi ni Zunilda Barría. Aliyekijua kisiki kile ni Orfelina Remolcoy. Abelino alikuwa shemeji yake tu, kaka wa mumewe. Wote wawili wamekwisha kufa, na hapa kisiwani waliokuwepo siku zile tumebaki mimi na mzee mmoja ambaye hamjui hata mwanawe. Basi nitaandika mimi, hata kama ni herufi kwa herufi. Anayeona nimekosea aje aniambie, mlango wangu anaujua.

Orfelina alinizidi miaka mitatu. Baba yake, mzee Nicanor, alikuwa fundi wa vyombo vya kukamulia matufaha, hivyo vya zamani: boriti ndefu iliyofungwa upande mmoja kwenye nguzo, kapu la matufaha yaliyopondwa limekaa chini yake karibu na nguzo, na huko mwisho wa boriti yananing'inia mawe. Watoto wengine tulikuwa tunasubiri juisi itoke tunywe. Orfelina alikuwa anasubiri baba yake ageuke. Siku moja, ana miaka saba, alimuuliza kwa nini mawe yanatundikwa kule mbali wakati matufaha yako huku. Mzee Nicanor hakuwa mtu wa maneno. Alimwambia, sogeza jiwe uone. Mtoto akalisogeza jiwe karibu na kapu, juisi ikapungua ikawa matone. Akalirudisha mbali, ikatiririka. Alishinda siku nzima anasogeza mawe, kwenda na kurudi, mama yake anamwita chakula haitiki.

Baada ya hapo hakushikika. Aliweka ubao juu ya gogo, akamkalisha baba yake upande mfupi, yeye akaenda kukaa mwisho wa upande mrefu, na mzee akanyanyuka, miguu inaning'inia. Nilikuwepo. Mzee Nicanor alicheka mpaka kofia ikadondoka, halafu akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anasikitika kwamba ni msichana. Wakati huo hivyo ndivyo watu walivyokuwa wanasikitika.

Alichomrithisha ni nyumba yao ya ufukweni, ya mbao nzuri na vigae vya mbao kuanzia paa mpaka chini, na bakuli. Bakuli lenyewe ni la mti, la kawaida, ila ndani limechongwa mfuo mwembamba unaozunguka. Mzee alikuwa analijaza maji mpaka kwenye mfuo, analiweka sakafuni, na maji yakizidi upande mmoja basi nyumba imelala upande huo. Hakuhitaji kingine. Macho hudanganywa na ukuta uliopinda, alikuwa anasema, lakini maji hayana sababu ya kumpendelea mtu.

Orfelina alikua akawa mwanamke wa kuogopwa na wachuuzi. Mmoja alikuja na mashua yake kununua viazi, na ile mizani ya fimbo ya chuma, gunia upande mfupi, kipande cha risasi kinasogezwa upande mrefu. Alipima magunia yangu manne nami nikakubali. Alipofika kwa Orfelina, Orfelina aliinama akatazama chini ya gunia, akamwambia, "Toa goti, kaka. Mimi sikukuuzia goti." Na kweli, jamaa alikuwa ameliegemeza gunia gotini. Watu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka sana, nikiyakumbuka magunia yangu.

Aliolewa na Ruperto Cheuquemán. Mwaka wa pili Ruperto akavuka kwenda Argentina kunyoa kondoo, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu. Ilikuja barua moja na picha amesimama na farasi. Basi. Hakuna mtoto. Orfelina akabaki na nyumba, ng'ombe watatu, bakuli, na shemeji.

Huyo shemeji nimweleze bila chuki. Abelino hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa na maksai wakubwa kuliko wote kisiwani, wawili wekundu, mabega kama milango, na kwa sababu ya maksai hao watu walimsikiliza hata kwenye mambo yasiyohusu maksai. Mtu akisikilizwa hivyo miaka ishirini huharibika, hata kama alizaliwa mzuri.

Likaja tetemeko, lile la mwaka wa sitini. Sisi hatukufa wengi, lakini nchi ilishuka. Ilishuka kama mtu anavyokaa, na haikusimama tena. Pale tulipokuwa tunalima kitunguu saumu paliota majani ya chumvi. Maji ya bamvua yakaanza kuingia chini ya sakafu ya Orfelina, kwanza mara mbili kwa mwezi, halafu hata siku za kawaida. Alivumilia majira mawili ya baridi. Kila asubuhi aliweka bakuli sakafuni, na kila asubuhi maji yalizidi kidogo upande wa bahari. Nguzo zilikuwa zinaoza. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa pili aliniambia: nyumba hii isipopanda msimu huu, msimu ujao itakwenda yenyewe, na itakwenda baharini.

Kiwanja alikuwa nacho juu, ng'ambo ya bonde, alichoachiwa na mama yake. Alichohitaji ni watu. Kwetu nyumba haibomolewi, inavutwa. Unapita mlango kwa mlango, unasimama nje, unasema nimekuja kuomba, na unayemwomba hakatai. Halipwi kitu. Analishwa siku hiyo, na siku yake ikifika nawe unakwenda. Lakini ukishaomba, nyumba si yako tena mpaka ifike. Ni ya wanaovuta. Mwenye nyumba anapika, anamimina pombe ya matufaha, anashukuru. Hatoi amri. Kumkosoa mgeni aliyekuja kukubebea nyumba yako bure ni tusi kubwa kuliko matusi yote. Kulikuwa na mtu wa kijiji cha pili aliyewaambia wavutaji kwamba wamefunga minyororo kijinga. Waliifungua minyororo, wakarudi kwao na maksai wao, na nyumba ile ikakaa katikati ya njia majira yote ya mvua, watu wanapita pembeni yake wanaisalimia.

Orfelina aliomba nyumba ishirini na mbili. Alipofika kwa Abelino, Abelino akasema atakuja na ataongoza yeye. Nani angemkatalia, na wale wekundu wake?

Siku ilikuwa ya mwezi wa kwanza, kavu, upepo mdogo. Wanaume waliinyanyua nyumba alfajiri kwa wenzo, miti mirefu iliyochomekwa chini ya boriti, wanaume watatu watatu wananing'inia mwishoni. Wakapitisha chini yake magogo mawili marefu yaliyochongwa ncha, ndiyo miguu ya kuburuzia, na chini ya hayo magogo ya mviringo ya kuviringika. Milango na madirisha yalishatolewa. Vitu vizito vilitolewa. Jiko la chuma halikutolewa.

Hapa sitamficha Orfelina. Jiko aliliacha yeye na kuliwasha yeye. Kwetu nyumba ikifika inatoa moshi, watu huzungumza habari yake miaka mingi: ilihama na moto wake. Nyumba ikifika baridi ni mbao tu zimefika. Alitaka moshi. Mwanamke aliyeachwa na mume miaka kumi na nane, anayeishi na bahari chini ya kitanda, alitaka watu waone moshi. Nilimwelewa wakati ule na namwelewa sasa.

Aliweka bakuli sakafuni, maji yakalalia upande wa jikoni kwa ajili ya uzito wa jiko. Akaniomba nimsaidie kujaza magunia mawili ya mawe. Nikamwambia jiko lile ni uzito wa magunia matano, mawili yatafanya nini. Akasema jiko liko karibu na katikati ya nyumba, mawe tutayaweka mwisho kabisa, kwenye ukuta wa sebuleni. Tukayaweka. Maji yakakaa sawasawa kwenye mfuo pande zote, kama yamechorwa. Alinitazama tu. Alikuwa na tabia hiyo ya kukutazama tu.

Jozi kumi na mbili za maksai. Kupanda kutoka ufukweni kulikuwa kuzuri kupita kiasi. Wanaume wanaimba, magogo yanalia, watu wanayakimbiza yale yaliyobaki nyuma kuyaweka tena mbele, na moshi umenyooka juu ya paa. Orfelina alikuwa pembeni na sisi wanawake, tunabeba mitungi. Shimo la kuranto, chakula chetu cha kupikwa ardhini, lilikuwa tayari kule kiwanjani, mawe yameshashika moto, kome na nyama ya kukaushwa kwa moshi na mikate ya viazi vinasubiri kufunikwa. Nilimwona akitabasamu.

Juu ya kilima walipumzisha maksai. Mbele yetu kulikuwa na mteremko, halafu kijito, halafu mwinuko mdogo hadi kiwanjani. Mteremko wenyewe si wa kutisha ukiwa unatembea. Ukiwa na nyumba ni kitu kingine.

Orfelina aliangalia minyororo. Jozi kumi zilikuwa mbele. Nyuma, za kuzuia, jozi mbili, na moja ilikuwa ya mzee Transito, wanyama wadogo, wakongwe, wa kulimia bustani. Kila mtu alitaka kuwa mbele. Mbele ndiko kunakoonekana, mbele ndiko picha hupigwa. Maksai wa nyuma hutembea wamegeuzwa, wanaburuzwa huku wakikataa, na wenyewe wao huchekwa.

Alikwenda kwa Abelino. Nilikwenda naye, ndiyo maana najua kilichosemwa. Alisema kwa sauti ndogo, mbali na watu, kwa heshima.

"Shemeji, hapa mbele hatuhitaji nguvu. Nyumba itataka kwenda yenyewe. Nguvu iwe nyuma. Wale wekundu wako ungewahamishia kule."

"Wekundu wangu?" Abelino akasema. "Wale hawajazoea kufuata makalio ya nyumba, shemeji."

"Basi kisiki kile." Akamwonyesha. Kilikuwa pale pale kilipo leo, juu ya mteremko, kisiki cha mti wa luma, mgumu kama chuma, mizizi yake imeshika kilima. "Fungeni kamba nyuma ya nyumba, muizungushe kisiki mara tatu, mtu mmoja ashike ncha aiachie polepole. Hata mimi naweza kuishika."

Hapo Abelino alicheka, na hakucheka kwa sauti ndogo. Aliwageukia wanaume.

"Jamani, mmesikia? Shemeji yangu anasema tuwapumzishe maksai, nyumba atashika yeye kwa mkono mmoja. Kisiki ni cha kufungia ng'ombe mkorofi, shemeji. Kaangalie sufuria."

Wakacheka wote. Mzee Transito hakucheka, aliinama akakaza mnyororo wa wanyama wake.

Niliona Orfelina anavuta pumzi. Alikuwa anataka kusema mbele ya wote. Angewaambia ni wajinga, kwa sababu hakujua kusema nusu, na wangefungua minyororo waende zao. Nikamshika mkono. Nikamvuta kwa nguvu, nikamwambia, nyamaza, utaiacha nyumba yako hapa kilimani. Alinitazama. Akanyamaza.

Hilo limekaa nami miaka yote hii, na nimeliandika hapa kwa mkono wangu. Sitaki kuambiwa kwamba nilikuwa na nia njema. Nia najua ilikuwa njema.

Nyumba ilivuka ukingo. Hatua kama ishirini ilikwenda vizuri, watu wakaanza tena kuimba. Kisha minyororo ya mbele ikalegea. Mnyororo wa mbele ukilegea maana yake nyumba haivutwi tena, inafuata. Maksai wa mbele walisikia magogo yanakuja nyuma yao na wakaanza kukimbia. Kule nyuma wanyama wa Transito walipiga magoti, wakaburuzwa kwa magoti, mmoja akavunjika mguu, nikausikia. Mnyororo wa jozi ya pili ukakatika. Abelino alikuwa anapiga kelele "simamisha, simamisha," lakini hapakuwa na wa kuisimamisha. Waliokuwa mbele walirukia pembeni. Hakufa mtu. Hilo husemwa kila mara hadithi hii ikisimuliwa, hakufa mtu, kama vile ndiyo mwisho wa hesabu.

Nyumba ilishuka peke yake mpaka kijitoni. Gogo moja la kuburuzia likachoma ukingo wa kijito, nyumba ikazunguka, ikasimama kwa upande wake mmoja kama mtu anayefikiri, halafu ikalala. Ikalalia upande wa jikoni.

Moshi uliendelea kutoka. Mwanzoni kidogo, baadaye mwingi. Mbao zile zilikuwa na miaka hamsini, kavu, na kijito mwezi wa kwanza kina maji ya kunawa miguu. Wanaume walifanya walichoweza kwa kofia na ndoo. Theluthi moja ya sebule ilipona, ile iliyokuwa na magunia ya mawe. Orfelina aliingia mara moja tu, kabla moto haujashika paa, na alitoka na bakuli.

Sasa chakula kilikuwa tayari. Kuranto haingoji, ukishafunika mawe ya moto umeshafunika. Watu sitini na kitu wamefanya kazi tangu alfajiri. Wengine walikuwa wanaanza kuondoka kwa aibu, na Orfelina akawasimamisha njiani, uso mweusi kwa masizi, akasema hakuna anayerudi nyumbani kwake na njaa siku ya nyumba yangu. Wakarudi. Akafungua shimo mwenyewe. Akagawa. Sahani ya kwanza akampelekea Abelino.

Abelino aliipokea bila kumtazama. Akasema, "Ardhi ilikuwa na unyevu, shemeji. Ingekuwa mwezi wa pili ingefika."

"Kula, shemeji," Orfelina akasema. "Inapoa."

Wakala. Nilisikia wanavyozungumza huku wanatafuna. Mmoja anasema magogo yalikuwa mabichi. Mwingine, ni jiko, jiko halifai kuachwa. Mwingine, ni Mungu. Nyumba inayovutwa na wote huvunjwa na wote, na kwetu kinachofanywa na wote hakina mwenyewe. Hakuna aliyesema kisiki. Ng'ombe wa Transito alichinjwa pale pale, na ngozi akabeba yeye begani hadi kwake.

Orfelina alijenga chumba kimoja kwa mbao zilizopona, juu kwenye kiwanja chake. Alinikataza kumsaidia kupigilia misumari. Kitanda, meza, jiko dogo la udongo na mawe. Majirani walimletea viazi, alipokea, alishukuru. Mwalimu kijana aliyetumwa shuleni siku hizo alisikia habari zake akamwalika aje awaonyeshe watoto mambo ya wenzo. Ubaoni alikuwa amechora nyumba juu ya mteremko na mishale: mshale wa uzito, mshale wa kuvuta. Orfelina aliutazama ubao, akamuuliza, "Mwalimu, mshale wa nyuma uko wapi?" Mwalimu akauchora. Orfelina akasema sasa imefika, akavaa shali yake akaondoka. Hiyo ndiyo hotuba yote aliyowahi kutoa duniani.

Miaka miwili baadaye bahari ilifika kwa Abelino. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ya ghorofa, na njia ilikuwa ile ile: kilima, mteremko, kijito. Alizunguka kuomba watu. Hawezi kuruka mlango hata mmoja, akiruka ni ugomvi. Nilikuwa kwa Orfelina, tunamenya viazi, tukamwona anapanda. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama nje na kofia mkononi, kama inavyotakiwa.

"Nimekuja kuomba," akasema.

Orfelina alimaliza kiazi alichokuwa nacho. Akachukua kingine akakimenya, akakitia kwenye ndoo. Ndipo akasema atakuja.

"Jumamosi ya kwanza," Abelino akasema. "Jikoni tutakuwa na watu wengi, huna haja ya kuchoka sana."

"Mimi nitakuwa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Njoo na ile kamba yako ya kufungia mashua, ile nene."

Abelino alizungusha kofia mkononi. Alikuwa amezeeka miaka hiyo miwili. Nafikiri ule mteremko alikuwa anauona hata akiwa mezani. Akasema sawa, akashuka.

Siku hiyo wale wekundu walifungwa nyuma, pamoja na jozi nyingine tano. Hakuna aliyecheka. Jiko lilikuwa linawaka ndani. Walipofika juu, Orfelina alifunga kamba mwenyewe, akaizungusha kisiki raundi tatu, akakita visigino ardhini, akashika ncha kwa mikono miwili. Nyumba ikavuka ukingo. Kamba ikakaza, ikaanza kutoa sauti, na gome la kisiki likatoa moshi mwembamba. Magogo yalijaribu kukimbia, yakakataliwa. Wekundu walisaidia, sikatai. Lakini ilifika mahali, katikati ya mteremko, ambapo mnyororo wa jozi zote za nyuma ulinasa kwenye jiwe, ikabidi waufungue, na kwa muda wa dakika kadhaa hapakuwa na kitu kinachozuia nyumba ya Abelino isipokuwa kisiki na mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Kila mtu alijua. Maji ya kijito yalisikika. Kushika ncha ile hakukuhitaji nguvu nyingi, mizunguko ndiyo inayofanya kazi, nguvu za mtoto zingetosha. Na kuiachia kusingehitaji nguvu kabisa.

Abelino alikuwa chini kidogo, pembeni ya nyumba. Aligeuka akamtazama, na rangi ilikuwa imemtoka.

"Shemeji," Orfelina akasema, si kwa kupaza sauti, "nikaangalie sufuria?"

Aliwaacha hivyo, nikahesabu pumzi zangu kumi na moja. Kisha akalegeza kamba kidogo, shibiri moja, na nyumba ikashuka shibiri moja. Akalegeza tena. Ilifika kijitoni taratibu kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, ikapanda upande wa pili, ikakaa kiwanjani, moshi umenyooka juu.

Watu walishangilia, wakambeba Abelino begani. Orfelina viganja vilikuwa vimechunika. Aliingia ndani ya ile nyumba kabla ya mwenyewe, akatoa bakuli lake chini ya shali, akalijaza maji mpaka kwenye mfuo, akaliweka sakafuni, akachuchumaa. Maji yalikaa sawa. Alimwaga maji mlangoni, akaenda kwake bila kula. Kwetu kuondoka bila kula ni jambo zito, na ndilo pekee alilowahi kumfanyia.

Nilimfuata. Nilimuuliza kwa nini hakuachia. Mimi ningeachia, nilimwambia hivyo, na mpaka leo nasema ningeachia.

"Nyumba ilinikosea nini?" akasema.

Tangu hapo nyumba zote za upande wetu ziliteremshwa kwa kisiki kile. Mwaka wa kwanza watu walisema, tufanye kama siku ya Abelino. Mwaka wa tatu walisema, kwa namna ya Abelino. Baadaye wakasema kisiki cha Abelino, na yeye mwenyewe, akiulizwa na vijana, alikuwa anaeleza vizuri kabisa, mizunguko mitatu, kwa nini si miwili, huku amekaa kwenye nyumba yake ya ghorofa. Labda mwishoni aliamini. Orfelina alikuwa anasikia. Nilipotaka kusema alinishika mkono. Alinishika pale pale nilipomshika mimi, juu ya kiwiko, na sikujua kama anakumbuka au ni bahati tu. Alifia kwenye chumba chake kimoja, mwezi wa saba, kifua.

Bakuli ninalo mimi. Liko hapa mezani ninapoandika, lina maji, na maji yamezidi upande wa dirisha. Jana hayakuzidi kiasi hiki. Nguzo za upande ule zimeoza, nimezipiga kwa kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Wanangu wako mbali. Ningepita mlango kwa mlango wangekuja, ndiyo desturi, hawakatai, na wajukuu wa Abelino wangekuwa wa kwanza, na wangepita na nyumba yangu karibu na kile kibao chao.

Sitaomba. Kila asubuhi nasogeza gunia jingine la viazi kutoka upande wa dirisha kwenda upande wa mlango, mwisho kabisa, kwenye ukuta.